Kwani Ilikuwa Inaumwa? Historia ya Swali la Lini Kubadilisha Toleo la Linux

Jioni moja ya Mei 2022, katika duka la dada yangu huko Giheke, niliharibu kompyuta iliyokuwa nzima. Duka lenyewe ni chumba kimoja kando ya barabara: meza, printa, kompyuta ndogo ya mkononi iliyonunuliwa mtumba, na benchi la wateja. Watu huja kuchapisha barua, kutoa nakala za vitambulisho, na kuombewa huduma za serikali kupitia Irembo, mfumo ulioanza mwaka 2015 ambao sasa hata cheti cha kuzaliwa hupitia humo. Kompyuta ile ilikuwa na Ubuntu 20.04. Niliiweka mimi, kwa sababu Windows iliyokuja nayo ilikuwa inachukua muda wa kupika chai kabla ya kuwaka.

Mwezi mmoja kabla, Aprili 2022, lilikuwa limetoka toleo la 22.04. Nilikuwa nimemaliza sekondari, najiona mtaalamu, na nilitaka dada awe na kitu kipya. Kompyuta haikuniambia nibadilishe. Nililazimisha kwa amri niliyoikuta mahali, amri inayosema: usisubiri, nipe sasa hivi. Katikati ya kazi mvua ikanyesha, umeme ukakatika. Betri ya mashine ile ilikuwa imekufa zamani. Umeme uliporudi, skrini ilibaki nyeusi na mistari michache ya maandishi meupe.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa na dawa. Kosa la pili ndilo lililoumiza. Kwa hofu nilichukua flashi yangu, nikasakinisha 20.04 upya juu ya diski nzima, bila kujua kwamba mafaili ya dada yalikuwa bado yamo humo salama na yangeweza kutolewa kwa kuwasha mashine kutoka kwenye flashi ileile. Nilifuta mwenyewe nilichokuwa ninajaribu kuokoa. Ndani yake ilikuwamo orodha ya wanachama wa ushirika mmoja wa kahawa, kazi ya siku nne, ambayo dada aliichapa tena yote kuanzia jina la kwanza. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, kwani ilikuwa inaumwa?"

Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kumjibu kwa njia ya historia, kwa sababu nilipoanza kufuatilia niligundua kwamba swali la lini mwanagenzi abadilishe toleo la Linux halikuwa na jibu lilelile katika kila kipindi. Jibu lilitegemea nani anaamua, toleo jipya linafikaje, na mashine imeunganishwa na nini.

Kwanza niweke maneno sawa, maana hata katika Kiswahili tunayachanganya. Kusasisha ni kuziba matundu katika toleo lilelile ulilonalo: programu zinabaki zilezile, makosa yanarekebishwa. Kupandisha toleo ni kuhama, kutoka 20.04 kwenda 22.04 kwa mfano, na mfumo endeshi wenyewe unabadilika kuanzia kiini hadi sura ya skrini. La kwanza ni kama kupaka dawa ukuta unaoliwa na mchwa. La pili ni kuhamia nyumba nyingine na vyombo vyote. Watu wengi wanaoniambia wanaogopa "apdeti" wanaogopa la pili, lakini wanaacha na la kwanza pia.

Linux yangu ya kwanza sikuichagua. Nilikuwa darasa la nne katika shule ya msingi wilayani Rusizi, mwaka 2013, mwalimu alipofungua kabati na kutoa kompyuta ndogo za kijani na nyeupe zenye masikio mawili. Hizo ndizo XO, za mradi wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto ulioanzishwa na Nicholas Negroponte wa MIT na kutangazwa mwaka 2005. Rwanda iliupokea kwa mikono miwili. Majaribio yalianza mwaka 2007, na katika miaka iliyofuata zaidi ya mashine laki mbili ziligawiwa, hasa kwa madarasa ya nne hadi ya sita. Kwa idadi hiyo nchi yetu ndogo ilikuwa miongoni mwa washiriki wakubwa wa mradi huo duniani.

XO ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 na hifadhi ya gigabaiti moja. Simu ya bei rahisi iliyoko mfukoni mwa msomaji ina mara nyingi zaidi ya hapo. Ndani yake kulikuwa na Linux ya Fedora, na juu ya Fedora mazingira ya kitoto yaitwayo Sugar, yasiyo na mafolda. Katikati ya skrini ulikuwapo mchoro wa mtoto aliyenyoosha mikono, na kila ulichofanya kiliingia katika shajara.

Hapa kuna jambo ambalo mwanafunzi wa historia asiliruke. Toleo la XO lililoitwa 8.2, la Oktoba 2008, lilijengwa juu ya Fedora 9. Fedora ni mfumo unaokimbia: kila toleo huhudumiwa kwa mwaka mmoja na kidogo tu. Fedora 9 iliachwa Julai 2009, yaani miezi tisa tu baada ya kuwekwa katika XO. Mtoto yeyote aliyetumia toleo lile baada ya hapo alikuwa juu ya msingi ambao wajenzi wake walikuwa wameshaondoka. Je, lilikuwa kosa? Kwa mizani ya leo, ndiyo. Lakini mashine zetu hazikuwa na intaneti. Zilitoka kabatini, zikatumika saa moja, zikarudi. Mwizi wa mtandaoni asiyekuwa na barabara ya kufika haogopwi. Kilichotusumbua sisi kilikuwa chaja, vitufe vilivyong'olewa, na hifadhi iliyojaa michoro ya ng'ombe.

Na nani aliamua lini mashine zile zipandishwe toleo? Si sisi, na nadhani si mwalimu wetu. Uamuzi ulikuwa wa mafundi wa mbali, ukija na flashi mkononi. Njia mojawapo ya kuweka toleo jipya katika XO ilikuwa kuiwasha ukiwa umebonyeza vitufe vinne vya mchezo kwa pamoja, na njia hiyo ilifuta kila kitu kilichokuwamo. Kwa mtoto aliyeandika habari za bibi yake katika shajara, toleo jipya lilikuwa na maana ya kupotea kwa bibi. Nilipolikumbuka hilo baada ya kisa cha duka, niliona kwamba sikuwa wa kwanza kufanya nilichofanya. Kuna desturi ndefu ya kumletea mwanagenzi kitu kipya bila kumuuliza ana nini ndani.

Turudi nyuma zaidi ya XO. Linux yenyewe ilitangazwa tarehe 25 Agosti 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, umri wake miaka 21, karibu sawa na wangu ninapoandika haya. Katika miaka ile ya mwanzo swali la "lini" halikuwapo kwa mwanagenzi kwa sababu wanagenzi wenyewe hawakuwapo. Waliotumia Linux walikuwa waliokuwa wakiijenga, na toleo jipya liliwekwa siku lilipotoka, likiharibika wakalitengeneza. Toleo la 1.0 lilikuja Machi 1994.

Ian Murdock alipoanzisha Debian mwaka 1993, alileta wazo tofauti: mtumiaji apewe mkusanyiko uliojaribiwa, na utoke pale tu utakapokuwa tayari. Wazo hilo lina heshima yake mpaka leo. Lakini "tayari" ilikuwa neno refu. Debian 3.0 ilitoka Julai 2002, na 3.1 ikaja Juni 2005, karibu miaka mitatu baadaye. Mtu aliyenunua kompyuta mpya katikati ya miaka hiyo alikuwa na Debian isiyotambua baadhi ya vifaa vilivyomo ndani ya mashine yake. Alikuwa na usalama wa nyumba imara isiyo na dirisha.

Ndipo akaja Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, tajiri kijana aliyewahi kwenda hadi anga za juu mwaka 2002. Alichukua Debian, akaifanyia ratiba: toleo jipya kila miezi sita, tarehe ijulikane mapema. Toleo la kwanza la Ubuntu lilitoka Oktoba 2004, na namba yake, 4.10, ni mwaka na mwezi tu. Jina alilitoa katika lugha za Kinguni, kwa maana ambayo Mswahili angeiita utu. Sisi Wanyarwanda tunalisikia mara mbili. Kwetu ubuntu pia ni utu, lakini "ku buntu" ni bure, bila malipo. Mzee mmoja jirani yetu aliponisikia nikisema kompyuta ya dada inatumia Ubuntu, aliuliza kama basi na kuchapisha barua ni ku buntu. Dada alimjibu kwamba mfumo ndio wa bure, karatasi si za bure.

Mwaka huohuo wa 2004, mwezi Desemba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux, kwa msaada wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Naitaja kwa sababu katika darasa letu huwa tunadhani Kiswahili kiliingia katika kompyuta pamoja na simu za mguso, na pia kwa sababu tafsiri nayo ina saa yake. Programu ikipanda toleo, maneno mapya huja bila tafsiri, na mtumiaji wa Kiswahili anaamka siku moja na menyu nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Kwa mtu asiyejua Kiingereza, toleo jipya linaweza kuwa hatua ya kurudi nyuma. Hasara hiyo sijaiona ikihesabiwa katika ushauri wowote niliousoma kuhusu kupandisha toleo.

Sasa, toleo hilo la kila miezi sita lilimfikiaje mtu wa huku? Kabla ya Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipowashwa, Afrika Mashariki haikuwa na kebo ya chini ya bahari inayoiunganisha na dunia. Intaneti ilipitia setilaiti, ghali na ya polepole. Ubuntu ililijua tatizo hilo. Kuanzia mwaka 2005 ilikuwa na utaratibu wa kutuma CD bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani, na utaratibu huo ulifungwa Aprili 2011. Kwa miaka sita hiyo, kwa watumiaji wengi wa pande zetu, jibu la "lini nipandishe toleo" lilikuwa: bahasha ikifika. Na toleo lenyewe likiwa na uhai wa miezi 18, wiki zilizotumika njiani zilikatwa humo.

Rusizi ilikuwa mbali hata zaidi. Kutoka Kigali ni safari ya saa tano au sita kwa basi, unakatiza msitu wa Nyungwe. Bukavu tunaiona ng'ambo, na vitu vingi vya elektroniki vya Kamembe vimepitia mpakani kwa mikono ya wafanyabiashara. CD iliyonakiliwa ilikuwa bidhaa kama nyingine. Naona kipindi hicho kilikuwa na faida moja iliyosahaulika: uchelewaji uliwalinda watu. CD iliyofika baada ya miezi minne ilikuwa na toleo ambalo makosa yake makubwa yalikwishajulikana.

Waundaji wa Ubuntu wenyewe waligundua mapema kwamba miezi sita ni mwendo wa watu wenye muda. Mwaka 2006 waliahirisha toleo lao la Aprili hadi tarehe 1 Juni ili kulikamilisha, likaitwa 6.06, na likawa la kwanza la kuhudumiwa kwa muda mrefu: miaka mitatu kwa kompyuta za mezani na mitano kwa seva. Tangu 2008 toleo la namna hiyo limekuja kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili. Kuanzia 12.04 kompyuta za mezani nazo zikapewa miaka mitano. Matoleo ya katikati, kinyume chake, yalifupishwa mwaka 2013 kutoka miezi 18 hadi miezi tisa. Kwa maoni yangu huu ndio mwaka ambao swali la mwanagenzi lilipata nusu ya jibu lake. Aliyeanza leo asiguse kabisa matoleo ya katikati. Si mabaya, ila yanamlazimisha kuhama nyumba kila mwaka, tena zaidi ya mara moja.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi: ndani ya miaka hiyo mitano, ahame lini? Hapa nina ushahidi unaovutana, na sitaki kuulainisha.

Upande wa kungoja una kesi nzuri. Desemba 2017 Ubuntu 17.10 iliondolewa kwa muda kwenye ukurasa wa kupakua, kwa sababu kosa katika kiini lilikuwa linaharibu programu ya msingi ya kuwashia mashine katika baadhi ya kompyuta za mkononi, nyingi zikiwa za Lenovo. Toleo lilikuwa limetoka Oktoba. Aliyekimbia aliumia, aliyengoja hadi Januari alilikuta limetengenezwa. Kesi ya pili ni ya juzi. Ubuntu 24.04 ilitoka Aprili 2024, na kwa desturi watumiaji wa toleo la muda mrefu lililotangulia hawaalikwi kuhama mpaka litoke rekebisho la kwanza, lenye nukta moja nyuma ya namba. Mwaka huo rekebisho lilitoka mwishoni mwa Agosti, mwaliko ukafunguliwa, na siku chache tu baadaye ukasimamishwa kwa sababu programu ya kuhamisha yenyewe ilikuwa na kosa kubwa. Yaani hata mlangoni palipoandikwa "karibu" palikuwa na shimo.

Nilipolisoma hilo nilielewa kwa mara ya kwanza nilichomfanyia dada. Mwaliko wa 22.04 kwa watu wa 20.04 ulikuja na rekebisho la tarehe 11 Agosti 2022. Mimi nilibomoa mlango mwezi Mei. Kompyuta haikuwa imesahau kuniambia. Ilikuwa inangoja kwa makusudi, na mimi nikadhani ukimya wake ni uvivu.

Upande wa kutongoja nao una kesi. Septemba 2014 liligunduliwa kosa lililopewa jina Shellshock katika bash, programu ya amri iliyomo karibu kila Linux. Kosa lilikuwa limelala humo miaka zaidi ya ishirini. Walio katika matoleo yanayohudumiwa walipata tiba haraka: Ubuntu 14.04, 12.04, na hata 10.04 ambayo huduma yake ya seva ilikuwa bado haijaisha. Aliyekuwa katika 13.04, toleo jipya kuliko 12.04, hakupata chochote, kwa kuwa lilikuwa limekwishaachwa. Upya haukumsaidia. Kilichohesabika ni kama bado kuna mtu anayeshughulikia toleo lako.

Miezi mitano kabla ya hapo, Aprili 2014, kulikuwa na Heartbleed, na kesi hii ndiyo ninayoipenda kwa sababu inakataa kukaa upande wowote. Kosa lilikuwa katika OpenSSL 1.0.1, programu inayofunga kwa siri mazungumzo ya mtandaoni, na liliingia huko mwaka 2012. Ubuntu 12.04 ilikuwa nalo. Ubuntu 10.04, yenye OpenSSL ya zamani, haikuwa nalo. Wazembe waliokuwa hawajahama walipona. Mhadhiri mmoja alipenda kutuambia kwamba kitu kinachofanya kazi kisiguswe, na kesi hii ingemfurahisha. Lakini walipona kwa bahati, na hakuna aliyehesabu mapema kwamba wangepona. Ukichukua Heartbleed kama ushauri, itabidi uchukue na Shellshock, na hapo ushauri wako unajipinga ndani ya mwaka mmoja.

Kuna jambo la tatu ambalo katika miji mikubwa linasahaulika, nalo ni umri wa mashine. Kompyuta za mtumba zinazofika Kamembe zimeshatumika Ulaya au Ghuba miaka mitano, kumi, na zaidi. Ubuntu iliacha kutoa diski ya usakinishaji ya kompyuta za biti 32 kuanzia 17.10. Ndugu zake wepesi, Xubuntu na Lubuntu, waliendelea hadi 18.10 wakaacha. Debian ilivumilia muda mrefu zaidi, lakini toleo la 13, la Agosti 2025, halina tena usakinishaji wa biti 32. Kwa mwenye mashine kama hiyo swali la "lini" limeshafungwa na wengine. Rafiki yangu ana moja, bado anaandikia insha zake. Ameiondoa kwenye intaneti, anahamisha kazi kwa flashi. Bila kujua, ameirudisha katika kabati la XO, na mimi sioni kosa lake.

Mashine ya dada haikuwa hivyo. Ilikuwa ya biti 64, yenye gigabaiti nne za kumbukumbu, imeunganishwa kutwa nzima, na juu yake kulikuwa na vitu ambavyo si vyake: namba za vitambulisho, majina ya wazazi, vyeti vya ndoa vya watu wa mlima mzima. Mteja anayekaa kwenye benchi lile hajui 20.04 ni nini. Amempa dada kitambulisho chake kwa sababu anamjua. Kwa hiyo tarehe 31 Mei 2025, siku ambayo huduma ya kawaida ya 20.04 ilikuwa inaisha, haikuwa tarehe ya dada peke yake.

Tulianza kuizungumza Machi. Nilikuwa nimekuja likizo, na safari hii niliuliza kabla ya kugusa. Dada alitaka kujua vitu vitatu: printa itafanya kazi, atafunga duka muda gani, na orodha zake ziko wapi. Nimesoma ushauri mwingi tangu 2022, na sijakuta uliokuwa bora kuliko maswali hayo matatu. Ilikuwapo pia njia ya kutohama: Ubuntu ina huduma ya ziada, ya bure kwa mashine zisizozidi tano, inayoongeza miaka mingine mitano ya viraka kwa toleo la zamani. Tuliifikiria. Nilimwambia ukweli kwamba ingetosha. Alikataa kwa sababu tovuti moja anayoitumia ilikuwa imeanza kulalamika kwamba kivinjari chake ni cha zamani, na kwa sababu, alisema, akiahirisha miaka mitano mimi nitakuwa nimeoa na sitakuja.

Kati ya 22.04 na 24.04 tulichagua 22.04. Wanafunzi wenzangu walinicheka kwa kuchagua toleo la miaka mitatu iliyopita. Lakini mtu huhama hatua kwa hatua, kutoka 20.04 lazima upite 22.04, na mashine ya gigabaiti nne haihitaji kubebeshwa zaidi ya inachobeba. Miaka mitatu ilikuwa sifa: makosa yake yalikuwa yamekwisha kuwapata wengine.

Tarehe 31 Mei 2025 ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda. Maduka yote yalikuwa yamefungwa asubuhi, hivyo hakuna mteja aliyerudishwa. Wiki mbili kabla tulikuwa tumenunua betri. Ijumaa usiku dada alinakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja akaipeleka nyumbani kwa mama. Kisha niliwasha mashine kwa 22.04 kutoka kwenye flashi ya tatu, bila kusakinisha, tukachapisha ukurasa mmoja kuona kama printa inatambuliwa. Ilitambuliwa. Jumamosi tulirudi kutoka kulima mifereji ya barabara, tukanawa, nikaanza. Ilipakua zaidi ya gigabaiti moja kwa mtandao wa simu, na umeme ulikatika mara moja kwa dakika ishirini. Betri ilishika. Dada alikaa kwenye benchi la wateja akinitazama, hakusema neno.

Saa kumi jioni ilijizima na kuwaka yenyewe. Mafaili yalikuwapo. Printa, iliyokuwa imefanya kazi usiku uliopita, ilikataa, na ilinichukua karibu saa nzima kuiondoa na kuiweka upya. Rangi ya skrini ilikuwa nyingine na dada hakuipenda.

Jumatatu alifungua duka saa moja na nusu kama kawaida. Nilipopita kumuaga nilikuta ameandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, chini kabisa, mahali ambapo miezi imeisha: "4/2027, umwite." Akaniuliza kama Aprili hiyo kutakuwa na mvua.